Kwa Nini Farasi Halali Chini Akiwa Peke Yake

Zamani zile farasi walilala kama mizigo iliyoshushwa. Jua likishapanda na nyasi zikishawajaa tumboni, walijitupa chini wote kwa pamoja, miguu wameinyoosha, shingo wamezilaza juu ya majani. Usingizi wao ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege walitua juu ya mbavu zao na kudonoa kupe bila hata mmoja kujitikisa. Uwanda wao ulikuwa mpana, ulioinuka juu ya nchi nyingine, wenye upepo wa baridi na miti michache. Simba wa siku hizo aliishi chini bondeni kwenye joto, na hakuwa bado amepata sababu ya kupanda.

Kundi hilo liliongozwa na jike, kama makundi ya farasi yanavyoongozwa mara nyingi hadi leo, ingawa dume ndiye mwenye kelele. Jina lake Zuhura, kwa sababu ya doa jeupe la kwenye paji la uso wake lililong'aa kama nyota ya alfajiri. Zuhura akigeuka kwenda mtoni, wote waligeuka. Akilala, wote walilala.

Jirani yao alikuwa punda aitwaye Chande. Farasi na punda ni mabinamu, na mabinamu ni watani. Haki ya mtani ni kusema lolote bila kuchukiwa. Wajibu wake ni kufika msibani kabla ya wengine. Chande aliitumia haki yake kila siku. Alipopita mchana na kukuta kundi zima limelala, alisimama katikati yao na kupaza sauti:

"Jamani, nani kafariki? Maiti zote hizi na mimi sikuletewa habari? Haya, nipeni jembe, nianze na huyu mwenye tumbo!"

"Pita zako, masikio," alijibu Zuhura bila kufumbua macho. "Sisi wenye sura tunahitaji usingizi. Wewe hata ukilala mwaka mzima utaamka ulivyo."

Ndivyo walivyopendana.

Mwaka mmoja mvua iligoma kunyesha bondeni. Swala walihama, na Simba, ambaye naye alikuwa na watoto wa kulisha, akafuata harufu mpaka uwandani. Huko alikuta nyama imejilaza yenyewe, inakoroma. Alimchukua Salme, mdogo wake Zuhura, aliyekuwa amelala karibu na dada yake kiasi cha mikia yao kugusana. Zuhura hakusikia kitu. Alipoamka, mahali pa Salme palikuwa bado pana joto.

Chande alifika kabla ya wengine, kama ilivyompasa. Alilala pale pale alipokuwa akilala Salme, akakoroma kama alivyokuwa akikoroma Salme, kwa mluzi mwishoni, mpaka wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Zuhura peke yake hakucheka.

"Mimi silali chini tena," alisema. Kwa kuwa aliyesema ni yeye, hakuna aliyelala.

Alikwenda ziwani kwa Korongo, ambaye tangu kuumbwa kwake hulala amesimama, akamwomba amfundishe.

"Ni goti tu, mama," alisema Korongo. "Lifunge kama unavyofunga mlango, kisha uuachie mfupa uzito wako. Mguu mmoja uupumzishe. Ukichoka, badilisha."

"Na usingizi wenyewe unakuwaje?"

"Mwepesi. Lakini na sisi ni wepesi, unatutosha."

Zuhura alirudi akawafundisha wenzake. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Simba aliporudi, aliwakuta wote wima, na kabla hajachagua, uwanda ulikuwa umebaki na vumbi. Farasi walimsifu kiongozi wao. Chande naye alipita akauliza kama siku hizi wamekuwa nguzo, na kama anaruhusiwa kuwafunga kamba ya kuanikia nguo.

Lakini siku zilivyokwenda, kitu kikaanza kuharibika, na hakuna aliyejua ni kitu gani. Usingizi wa kusimama ulipumzisha miguu tu. Ule wa ndani, wenye ndoto, haukuja, kwa sababu haupandi miguuni. Humpata farasi akiwa chini, shingo imelegea. Farasi waliokunywa pamoja maisha yao yote wakaanza kung'atana mtoni. Wengine walisinzia wakila majani, magoti yakafyatuka, wakaanguka kifudifudi na kuinuka na vidonda. Walidhani wamerogwa.

Katikati ya hayo Zuhura akajifungua. Mtoto alisimama mapema, hata kabla hajakauka vizuri, kama watoto wa farasi wafanyavyo, akanyonya, kisha akakunja miguu ili alale. Mama yake akamwinua kwa pua. "Simama, mwanangu." Akakunja tena, akamwinua tena. Zikapita siku za namna hiyo. Maziwa yakapungua, na mtoto akawa anatembea akiyumba, macho yake hayashiki kitu. Zuhura aliyaona hayo yote. Aliona pia, kila alipotazama majani, pale mahali palipokuwa bado pana joto. Kati ya kumpoteza mtoto kwa Simba na kumpoteza kwa kukosa usingizi, hakujua achague lipi, basi aliendelea kumwinua.

Chande akaja mchana mmoja, amejiandaa. "Binamu," alianza, "nimesikia mnatafuta mtu wa kuwafundisha kuanguka kwa..." Hakumaliza. Magoti ya Zuhura yalikuwa yamefyatuka mbele yake, na ile nyota ya kwenye paji la uso ikagonga ardhi.

Zuhura alijiinua polepole, akasubiri kejeli. Haikuja. Chande alikuwa amenyamaza, na ukimya wa mtani ulimtisha kuliko kuanguka kwenyewe.

"Kumbe hali ni mbaya hivyo," alisema Zuhura.

"Lala, binamu. Lala na mtoto, laleni wote."

"Nani atamsikia Simba?"

"Haya masikio uliyoyacheka tangu utoto unadhani nilipewa ya kupepea?"

"Nitajuaje kama bado upo? Nitajuaje kama hujakimbia?"

Chande akafikiri. "Nitakuwa nawatania. Sitakatisha. Ukisikia nimenyamaza, inuka ukimbie."

Zuhura alimtazama mtoto wake, ambaye wakati huo alikuwa amekunja miguu kwa mara nyingine. Safari hii hakumwinua. Akapiga magoti kando yake, akalaza shingo, na kundi zima likashuka ardhini kwa mshindo mmoja. Chande akaanza.

Alianza na mikia. Akaenda kwenye viwele, akapitia wajomba, akasimulia harusi ya bibi yake Zuhura na jinsi bwana harusi alivyokimbia alipoona meno. Sauti ile ya kukwaruza ilipita juu ya uwanda bila kupumzika, na Zuhura akazama chini yake. Aliota. Alimwona Salme akikimbia mbele yake kwenye nyasi ndefu, akicheka, na kwa mbali akasikia mtu akiambiwa, "Na wewe ndevu kama ufagio uliochakaa, unajificha majanini na matako yote nje, nyumbani kwenu hakuna kioo?" Akawaza ndotoni kwamba anasemwa mjomba fulani, akaendelea kulala.

Aliamka mwenyewe, jua limeshainama. Mtoto alikuwa ubavuni mwake, anapumua kwa kina, miguu inarukaruka ndotoni. Chande bado alisimama, sauti imebaki mkwaruzo.

"Umeamka? Alhamdulillahi. Nilikuwa nimebakiwa na shangazi mmoja tu."

"Ni nani yule mwenye ndevu?"

Chande alielekeza sikio moja majanini. Majani yalikuwa yamelala kwenye mstari, mpaka karibu sana, na kutoka hapo nyayo pana ziligeuka kurudi bondeni.

"Tulipatana unyamaze akija!" Zuhura aliruka juu.

"Ningenyamaza mngekurupuka wote, na huyu mdogo angebaki nyuma. Nikamtazama Simba machoni, nikaona anachotaka ni asionekane. Basi nikamwambia namwona. Nikamwambia na jinsi anavyoonekana. Akakasirika, akaondoka."

"Hukuogopa?"

"Mpaka kwatoni," alisema Chande.

Zuhura akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, mpaka mdomo wa juu ukapinduka na meno yote yakaonekana. Kisha akamsukuma binamu yake kwa bega.

"Lala sasa. Zamu yangu. Naanzia kwenye masikio, tuna muda mrefu."

Na tangu siku hiyo farasi husinzia wima, goti limefungwa na mguu mmoja wa nyuma umekunjwa, kama alivyofundisha Korongo. Lakini akitaka kuota hushuka chini, pale tu mwenzake anaposimama. Ukiwaona wamelala malishoni, tazama vizuri, utamkuta mmoja yuko wima. Farasi aliyefungiwa peke yake hukonda, mpaka mwenye busara amletee punda, au hata mbuzi, wa kukaa naye. Na sikio la farasi hugeuka polepole usingizini. Wengi hudhani ni nzi. Anasikiliza kama bado anataniwa, na akisikia kwamba bado, hushusha pumzi ndefu na kuendelea kulala.