Kwa Nini Mwimbaji wa Kindeva Huitikiwa

Mmeniuliza kwa nini mkeka wa bibi harusi nimeushona wote mwenyewe, kisha mshono wa mwisho nikampa jirani ambaye hata sindano hajui kuishika. Sogeeni basi, na wewe unayechezea ukili wangu uuweke chini. Habari hii nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake. Nami nawapa ninyi kama nilivyoipokea, ila pale nilipoongeza chumvi.

Zamani hizo, hapa Kindeva, nyimbo hazikuwa na kiitikio. Mwimbaji alianza wimbo peke yake akaumaliza peke yake, na watu waliketi kimya wakimtazama. Hata kukohoa kulihesabiwa utovu wa adabu. Mfinyanzi hakuruhusu kidole cha mtu mwingine kugusa chungu chake kabla hakijatoka motoni, na mwamba ngoma aliwamba ngozi akiwa amejifungia ndani. Mafundi wa wakati ule walikuwa hodari kweli, siwanyimi haki yao, lakini walikuwa na majivuno ya jogoo. Walijiwekea sheria wenyewe, wala hakuna aliyewalazimisha. Walisema kazi isiyomalizwa na aliyeianza haifai kubaki duniani. Chungu kilichoachwa katikati kilivunjwa, na mkeka ulitiwa moto. Mwimbaji aliyeshindwa kufikisha wimbo mwisho alivuliwa njuga za miguuni mbele za watu, asiimbe tena hadharani mpaka afe.

Msidhani walifanya kazi kwa kutaka sifa tu. Mbonea, mwamba ngoma, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafundi, alisema akipita msituni huona mti fulani umenyamaza mno, naye hapati usingizi wa amani mpaka autoe sauti. Namkunda mfinyanzi hakuwa na sababu yoyote ya kueleza. Alisema mikono humwasha akikaa muda mrefu bila kushika udongo, basi. Na Nakiete mwimbaji, akiulizwa, alicheka kwanza. "Nisipoimba," alisema, "siku hupita kama sikuwamo."

Huyo Nakiete ndiye mwenye habari yetu. Nyumba yake na ya Namkunda zilitenganishwa na ua wa masale, ile mimea ya mpakani, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kutwanga huku akiimba. Mwaka mmoja Namkunda alizika mtoto. Akaacha udongo wake ukauke uani, akakaa mlangoni hapokei chakula wala salamu. Watu walikuja na maneno yao ya kumliwaza wakaondoka nayo. Nakiete hakwenda na maneno. Alihamisha kinu chake kikakaa karibu kabisa na masale, akawa anaimba wimbo wa mavuno kila kunapokucha, ingawa mavuno yalikuwa bado mbali. Asubuhi moja Namkunda alijikuta ameshika kata, anamwagia udongo maji. Alikusudia kwenda kumshukuru jirani yake. Lakini mnajua mambo ya majirani, leo hukwenda, kesho una mgeni, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Kisha Nakiete akaugua kichomi. Alipona, Mungu si Athumani, ila kifua kilibaki dhaifu na pumzi ikawa fupi. Wimbo wa mavuno nao ulikuwa mrefu, wenye mistari mirefu, na kusimama katikati ili upumue kulikuwa sawa na kuuvunja. Ulezi ulipokaribia kukatwa, Mbonea alikwenda kumwona.

"Dada, mwaka huu usiimbe," alisema. "Sema unaumwa. Hakuna atakayekucheka."

"Na mwakani niseme nini?"

Mbonea alizitazama njuga zilizotundikwa ukutani.

"Nikiacha mwaka huu, kaka, nimeacha moja kwa moja," Nakiete alisema. "Afadhali nivuliwe njuga nikiwa nimesimama mbele za watu, niwe nimejaribu."

"Atakayekuvua ni mimi. Hivi unajua unanitwisha mzigo gani?"

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, ukinivua, usinivue kwa haraka."

Mbonea alirudi kwake akiwa mnyonge, na siku hiyo hakugusa ngoma.

Siku ya mavuno ikafika. Watu wote walikusanyika penye ulezi uliolundikwa, Nakiete akasimama mbele yao na njuga zake, akaanza. Bibi alikuwa akisema sauti yenyewe haikuwa imepungua utamu hata kidogo. Aliimba mwanzo wote, mahali panapotaja mvua na panapotaja mbegu, na wengine wakaanza kudhani amepona. Alipofika mahali pa kuwashukuru wenye kulima, kifua kikakataa. Alifungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Watu walitazama chini, kwa sababu kumtazama kulikuwa kunauma.

Mbonea alitoka katika safu ya mafundi akapiga magoti miguuni pake. Alifungua njuga ya mguu wa kulia polepole kama alivyoombwa. Nakiete alisimama wima, machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Ndipo Namkunda akainuka. Ilikuwa inajulikana na wote kwamba Namkunda hana sauti. Mlango usiotiwa mafuta ulikuwa na afadhali kuliko yeye. Lakini mstari uliokuwa unafuata aliujua, kwa maana aliusikia kila asubuhi katika ule mwaka wake mbaya, na mikono yake ilikanda udongo kwa mstari huo. Akauimba:

"Asante wewe uliyelima, shamba lilikuwa pori."

Watu wengine walicheka. Mtu mmoja alimvuta nguo ili aketi. Hakuketi. Kwa kuwa hakujua vizuri mistari inayofuata, aliurudia uleule, kwa nguvu zaidi na kwa ubaya zaidi. Hapo mwanamke aliyekuwa karibu naye akaingia. Nadhani aliingia ili kumrekebisha tu, maana masikio nayo yana haki zao. Akaingia na mwingine, kisha wanaume waliokuwa nyuma, mpaka watu wote wa Kindeva wakawa wanaimba mstari ule mmoja, watu ambao tangu kuzaliwa kwao walifundishwa kuusikiliza wimbo wakiwa wamefumba midomo.

Na wao walipokuwa wanaimba, Nakiete alikuwa anapumua.

Walipofika mwisho wa mstari alikuwa tayari, akashika unaofuata. Pumzi ilipomwishia, watu wakarudi na mstari wao, naye akapumua tena. Wakaenda hivyo, yeye na wao, wao na yeye, mpaka wimbo ukafika mwisho wake.

Mbonea alikuwa bado amepiga magoti na njuga mkononi. Fundi mmoja katika safu alisema kwamba sheria ni sheria, na wimbo haukumalizwa na aliyeuanza. Watu wakamgeukia Mbonea.

"Nakiete," Mbonea aliuliza, "umeumaliza wimbo huu?"

"Peke yangu, hapana," alijibu. "Mlinipa pumzi ninyi. Mkitaka kunivua, nivueni, lakini nimeshukuru kuliko siku zote nilizomaliza mwenyewe."

"Nimetafuta sauti ndani ya miti tangu ujana wangu," Mbonea alisema. "Sikujua kwamba watu wa Kindeva nao wanazo." Akaifunga njuga ile mahali pake, akainuka.

Watu walipotawanyika, Namkunda alimfuata jirani yake. "Ile ilikuwa asante ya zile asubuhi," alisema. "Nilichelewa kuileta."

"Kumbe ulikuwa unasikia," Nakiete alisema. "Nilikuwa naimba tu. Sikujua kama inafika."

Basi hapo wakakumbatiana wakalia, na mimi kila nikifika hapa nami macho hunilowa, mnisamehe. Maana kazi zetu ndivyo zilivyo. Mtu unashona, unafinyanga, unaimba, hujui inafika kwa nani.

Na tangu siku hiyo hapa Kindeva wimbo una kiitikio, na mwimbaji anayeimba bila kuacha nafasi ya watu huambiwa ana choyo. Mwamba ngoma huacha mlango wazi, na vigingi vya mwisho vya kuwambia ngozi hugongwa na mtu yeyote anayepita. Mfinyanzi hufinyanga chungu chake, lakini kukisugua kwa kokoto kabla hakijaingia motoni humwachia mwenzake. Na anayetoa shukrani hapo ni fundi, kwa sababu mtu akitia mkono wake ndipo fundi anapojua kwamba kazi imefika.

Nakiete aliishi sana na pumzi yake ileile fupi, akaimba kila mavuno. Alipofariki, walimzika kwa wimbo huo. Walipofika kwenye mistari yake hapakuwa na aliyeichukua, wakakaa kimya muda ambao yeye angekuwa anaimba, kisha wakaitikia. Wakafanya hivyo mpaka mwisho. Hata leo tukimzika mwimbaji huwa tunaimba hivyo, na wageni kutoka mbali hudhani tumesahau maneno. Hatujasahau. Tunamwacha amalize mstari wake, halafu tunamwambia asante.