Mdahalo wa Kifuniko cha Kisima

Mwaka ule mvua iliwasusia kabisa wanyama wa Nyika Nyekundu. Mto ulibaki mchanga mtupu, mabwawa yakapasuka nyufa, na wote, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanategemea kisima kimoja chenye kifuniko cha jiwe. Kila asubuhi Sungura, karani wa foleni, alisimama pale na kuita majina kwa sauti yake tamu. Aliyeitwa aliitika "Nipo!" akapewa kibuyu chake. Mpangilio wa majina haukubadilika hata siku moja, na jina la mwisho kabisa lilikuwa la Bi. Kanga.

Kuwa wa mwisho wakati wa kiangazi si jambo la mchezo. Bi. Kanga alikuwa na vifaranga tisa, na kila asubuhi aliyasikiliza majina yote, moja baada ya jingine, huku macho yake yakifuata maji yanavyopungua. Siku mbili mfululizo maji yalikwisha kabla hajaitwa. Vifaranga wakawa wameacha hata kulia, na kimya hicho kilimtia hofu kuliko kilio.

Ikaamuliwa kwamba kisima kipate mlinzi, atakayeshika kifuniko na kugawa maji kwa amri yake. Waliojitokeza walikuwa watatu: Simba, Fisi na Sungura mwenyewe. Wakaitwa kwenye runinga, katika mdahalo wa Kasuku uitwao "Uliza Tusikie." Watazamaji waliambiwa waandike maoni yao kwenye majani makavu, Mbayuwayu ayarushe hadi studio. Atakayesifiwa zaidi, kifuniko ni chake.

Bi. Kanga akawakusanya wanawe akaenda bandani kwa Ngiri, mwenye runinga peke yake mtaa mzima. Alikuta pamejaa. Kima amening'inia kwenye boriti, na Mzee Kobe amekaa mbele kabisa, maana yeye alianza safari tangu juzi.

"Kifuniko mkikipata, maji mtayagawaje?" Kasuku akauliza kwenye runinga.

Simba akajikohoza. "Babu yangu alikuwa Simba. Baba yangu alikuwa Simba. Mimi nanyi mnaniona." Akanyamaza, akingoja makofi.

"Aisee, tazameni manyoya ya shingo!" Kima akapiga kelele. "Yamechanwa hayo! Kura yangu anayo."

"Lakini amejibu nini?" Bi. Kanga akauliza.

"We Bi. Kanga, nakuambia tazama manyoya, wewe unaniuliza majibu!"

"Na hakubabaika," Mzee Kobe akaongeza. "Mimi napenda mtu asiyebabaika."

Zamu ya Fisi ikafika. Macho yake hayakuwa kwa Kasuku; yalikuwa kwenye kibuyu cha maji kilichowekwa mbele ya Simba. "Chini yangu mimi," akasema huku akimeza mate, "hakuna tone litakalobaki."

"Huyo anapenda usafi," akasema Ngiri.

Bi. Kanga alitaka kuuliza hayo matone yataenda tumboni kwa nani, lakini banda zima lilikuwa limezama kwenye ubishi: je, Fisi amekonda, au ni runinga ya Ngiri?

Kisha Sungura akainamisha masikio kwa adabu. "Ndugu Kasuku, hilo ni swali zuri. Nakushukuru kwa swali hilo. Na kabla sijalijibu, niruhusu niwaambie watazamaji kwamba kwa kweli ni swali zuri."

Banda likapiga makofi. "Anajua kuongea huyu!" Hata Bi. Kanga, pamoja na shida zake zote, alijikuta anatabasamu.

"Sasa maoni ya watazamaji," akasema Kasuku, akashika rundo la majani. "Ya kwanza yanatoka kwa Ngiri. Anasema: 'Sungura ni mkweli, apewe kifuniko.'"

Wote wakamgeukia Ngiri. Akaiachia antena. "Mimi? Tangu asubuhi nashindana na antena hapa! Sijaandika hata herufi!"

"Kima anasema: 'Nimemsikiliza Sungura nikalia kwa furaha.'"

Kima akadondoka kutoka kwenye boriti.

"Mzee Kobe anasema: 'Nimekuja mbio kumuunga mkono.'"

Banda likavunjika mbavu. "Mbio?" Mzee Kobe akalalamika. "Mbio lini, jamani? Nani kaniona?"

Bi. Kanga peke yake hakucheka. Ngiri, Kima, Kobe. Ngiri, Kima, Kobe. Alikuwa ameyasikia majina hayo hivyohivyo kila asubuhi, akiyahesabu kwa moyo unaodunda. "Anayefuata," akasema polepole, "ni Mjane Fisi wa Bondeni."

Huyo mjane hakuna aliyewahi kumwona sawasawa. Alifika kisimani amejitanda kitambaa, akaitika kwa sauti nyembamba, akachukua kibuyu na kutokomea.

"Mjane Fisi wa Bondeni," Kasuku akasoma, "anasema..."

"Nipo!"

Sauti ilikuwa nyembamba, na ilitoka kwenye runinga. Fisi, aliyekuwa amesinzia akiota kibuyu cha Simba, alikuwa ameshaitika. Tayari kitambaa kilikuwa kichwani, na mkono umenyooka kupokea maji.

Nyika nzima ikalipuka kicheko. Ngiri alijigaragaza chini, Kima akajipiga makofi mapajani. Fisi akavua kitambaa harakaharaka, akasema alikuwa anafukuza nzi.

"Sasa Swala," akasema Bi. Kanga. Kasuku akamsoma Swala. "Sasa Digidigi." Akasomwa Digidigi. Kufikia hapo banda zima lilikuwa linaimba pamoja naye: "Sasa Fisi Mgeni wa Ng'ambo!"

"Fisi Mgeni wa Ng'ambo anasema..."

"Nipo!" Safari hii sauti ilikuwa nzito, na kikohozi juu yake. Maskini, hakuweza kujizuia.

Bi. Kanga akanyakua jani, akaandika kwa haraka, akampa Mbayuwayu. Muda si muda Kasuku akalisoma mbele ya Nyika yote: "'Ndugu Kasuku, hayo si maoni. Hiyo ni foleni ya kisimani, kwa mpangilio wake. Muulize anayeiita.'" Akayageuza majani yaliyobaki. Mwandiko ulikuwa mmoja, na majina yalifuatana vilevile. Karani alikaa kubuni mashabiki wake, na mkono uliozoea orodha ukaandika orodha ileile.

"Mheshimiwa Sungura, unasemaje?"

"Swali zuri," akasema Sungura bila kupepesa macho. "Wananchi wetu wana nidhamu. Hata kunipenda, wananipenda kwa foleni."

Na angepona! Mzee Kobe alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa na kusema, "Kajibu, kajibu." Lakini Simba akasimama, amefura.

"Ngiri kasingiziwa," akanguruma. "Digidigi kasingiziwa! Mimi, Simba mwana wa Simba, mbona sijasingiziwa? Jina langu halifai hata kwa uongo?"

Sungura akaziona kucha. Ulimi ukamteleza. "Lako nilikuwa naliandika kwa herufi kubwa, mheshimiwa, wino ukaniishia!"

Kasuku alicheka hadi akakosa pumzi. Alipotulia, alibakiwa na jani moja mkononi. "La mwisho ni la Bi. Kanga. Anasema: 'Nimeridhika kabisa.'"

Vifaranga tisa wakamtazama mama yao. Mbayuwayu alikuwa anangoja mlangoni. "Kasuku anauliza, Bi. Kanga. Ni kweli umeridhika?"

Hasira ilimpanda hadi kwenye kishungi. "Mwambie sina maoni juu ya manyoya wala sauti za watu. Nina watoto wana kiu. Kila siku Fisi anakunywa mara tatu, Sungura anamwita mara tatu, nami nikifikiwa hakuna kitu. Asome hivyo hivyo, asipunguze neno."

Kasuku akasoma, hakupunguza neno. Bandani hakuna aliyecheka. Kima aliona haya akajificha nyuma ya Ngiri.

Kifuniko hakikupewa yeyote kati ya wale watatu. Fisi alibakishiwa jina moja, Sungura akavuliwa ukarani akawekwa mkiani mwa foleni, na asubuhi iliyofuata Ngiri ndiye aliyeita. Jina la Bi. Kanga lilipotajwa, maji yalikuwa bado yanang'aa mle ndani. Vifaranga waliinama wote tisa kwa pamoja wakanywa bila kuinua vichwa, na nyuma yao Sungura akasikika akiwaeleza wapita njia kwamba hiyo ni foleni nzuri sana.

Hadithi yangu imefika kisimani, nami nainama ninywe. Ukimwekea mwenzio maneno mdomoni, kumbuka mdomo huo una mwenyewe, na huenda una kiu.