Mchi wa Bi Unaysa

Yasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo wa Hadhramauti aliishi bibi mchamungu aitwaye Unaysa, pamoja na mumewe Mudrik, mwadhini wa msikiti uliopakana na nyumba yao. Mzee huyo alijaaliwa sauti ya kulainisha nyoyo. Lakini uzee hauji mikono mitupu. Ulimjia na ukungu machoni, ukazidi mwaka hadi mwaka, mpaka akawa hatofautishi uso wa mkewe na ukuta ulio nyuma yake.

Mzee Mudrik aliona haya. "Wakijua, watanivua adhana," alimwambia mkewe. "Nisitiri, bibi."

Bi Unaysa akamsitiri. Kila magharibi alisimama uani penye kinu, akitazama kilele cha mlima wa mashariki. Nuru ikishaondoka kileleni, hugonga mchi kinuni, na mumewe aliye juu ya mnara husikia, akaadhini. Nani angeutilia shaka mchi wa mwanamke anayetwanga? Ni yeye aliyemshika mkono kwenda chooni, ni yeye aliyemtafutia viatu, na watu wakimsifu mumewe kwa macho makali, yeye hutabasamu. Alichoka. Alichoka na hakuwa na wa kumwambia, kwa kuwa siri haikuwa yake.

Ikafika Ramadhani. Alasiri moja mzee alikipiga kumbo chungu cha uji, futari yote ikamwagika majivuni. Uchovu ukamtoka bibi kinywani.

"Kwani huoni?"

Neno likishatoka halirudi. Mzee akajibu polepole, "Naona," akapapasa ukuta, akaenda zake mnarani.

Bi Unaysa akasimama penye kinu, kifua kikimwaka. Wingu zito likatanda juu ya mji, lakini kule mlimani nuru ilikuwa ingalipo. Akamsikia mumewe akikohoa, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya adhana, akajua giza la wingu limemhadaa, wala leo hangojei mchi. Neno moja tu lingetosha kumzuia. Nafsi ikamwambia: mwache aumbuke, upate kupumzika. Naye akanyamaza.

Adhana ikapaa. Mji mzima ukafungua kwa tende na maji. Kisha wingu likasogea, jua likaangaza juu ya mapaa, na watu wakatoka milangoni, tende vinywani, wakitazamana.

Wakakusanyika msikitini. Imamu, Sheikh Ghalibu, alitaka kumwokoa rafiki yake.

"Wingu limetuhadaa sote. Sivyo, Mudrik?"

Nyuma ya pazia la wanawake, Bi Unaysa aliomba moyoni mumewe aitikie tu. Angeitikia, aibu yake yeye nayo ingezikwa papo hapo.

"Sikuliona wingu," akasema mzee, "wala jua. Siku nyingi sasa sioni. Nimewaharibia funga kwa kuogopa kuvuliwa adhana. Msimlaumu mtu mwingine."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Akasema kutoka nyuma ya pazia: "Mimi nililiona jua. Nilimsikia akijiandaa, nikanyamaza makusudi. Nilitaka aumbuke. Nimeumbuka mimi."

Laiti ardhi ingepasuka immeze! Mzee ndiye aliyeanza kulia.

"Nilikutwika mzigo wangu, bibi, kisha nikakunyima hata kuguna. Nisamehe."

Sheikh Ghalibu akainua kichwa. "Funga tutailipa. Ama adhana, mmesahau? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mwadhini kipofu, akiambiwa kumekucha ndipo akaadhini. Kipofu yule hakuficha, wala aliyemwambia hakujificha."

Kesho yake mchi haukugongwa. Bi Unaysa alisimama uani, majirani wakimtazama, uso umemwiva kwa haya, akapaza sauti: "Bwana, jua limezama!"

Mzee akauliza kutoka juu ya mnara:

"Una hakika, bibi?"

"Wallahi limezama."

Akaadhini, na watu wakafungua bila shaka yoyote.

Ndugu zangu, kupofuka si dhambi, na anayemuuguza kipofu si malaika. Ni mja, naye huchoka. Basi tukimpita mlangoni, tumuulize hali yake mapema, kabla shetani hajamuuliza.