Chuma cha Ujapani

Palikuwa na tajiri, Lubango, aliyewaapia wateja kwamba fremu zake za baiskeli ni chuma cha Ujapani. Kabula, muuza maziwa, alipomrudishia yake ikiwa vipande viwili, tajiri alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Chuma cha Ujapani hakikatiki, mama. Ulipakia maziwa au ng'ombe mwenyewe?"

Kabula akaenda zake. Siku ya gulio, duka limejaa, akaingia akihema.

"Tajiri, kuna bwana wa forodha anaulizia fremu za Ujapani. Anataka karatasi za ushuru!"

Kabla hajamaliza, mtu mwenye kofia na daftari akasimama mlangoni. "Mzigo wa Ujapani ni wa nani?"

Lubango jasho likamtoka. "Ujapani gani, mheshimiwa? Haya ni mabomba ya maji, tena makuukuu! Tunayachomelea hapo uani. Njoo uone mwenyewe!"

Kisha wateja wote, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha mikono kudai pesa zao.

Kabula, aliyekuwa wa kwanza kulipwa, akamgeukia yule bwana. "Haya shemeji, karudishe kofia ya watu, ng'ombe wanasubiri kukamuliwa."