Likizo ya Fundi Luhaga

Wapo watu ambao ukiwaambia kwamba chelewachelewa utamkuta mwana si wako, hucheka na kusema kuwa methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wavivu. Hawajui wasemalo. Mvivu anajulikana, na akichelewa hakuna anayemshangaa. Methali hii humchoma zaidi mtu mwenye bidii, yule anayetaka kila kitu kiwe sawasawa kabla ya kuinua mguu. Huyo huchelewa huku jasho likimtoka, na moyoni hajioni kuwa na kosa hata chembe. Ndivyo alivyokuwa Luhaga wa Kirumba, fundi cherehani, mume wa Roza.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, Mwanza ilikuwa imechangamka. Soko lilikuwa huria, na kila mtu alikuwa na biashara au rafiki mwenye wazo la biashara. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimesimama kando ya ziwa, na nguo za mitumba zilikuwa zimewanyang'anya tonge mafundi wengi. Luhaga hakulala njaa, kwa sababu aliacha mapema kushona magauni akashika kazi ya maturubai na matanga ya mitumbwi. Cherehani yake ilikaa barazani, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na wenye mitumbwi walisema mshono wake haupitishi hata upepo.

Siku moja mgeni wa Kizungu alimletea kitambaa chepesi kama cha mwavuli, chenye rangi nyekundu na njano, kimechanika katikati. Kilikuwa tiara, lakini tiara pana kuliko paa la chumba. Luhaga alipomaliza kuishona, yule mgeni alimchukua hadi ufukweni akamwonyesha kazi yake. Alisimama juu ya ubao, akafunga miguu, akashika kamba. Upepo ukaijaza tiara, naye akaondoka mbio juu ya maji kama bata anayefukuzwa. Wachuuzi waliacha samaki wao wakakimbilia majini. Mgeni aliporudi, Luhaga alimuuliza alikuwa anasafirisha nini kwa chombo kile. Mgeni akacheka, akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba hasafirishi kitu, yuko likizo. Wiki ile ile alifunga safari ya kurudi kwao, akamwachia fundi ile tiara na ubao wake kama shukrani.

"Tafuta kisiwa chenye upepo," alimwambia wakiagana. "Nenda na familia. Pumzika."

Kisiwa chenye upepo! Luhaga hakuhitaji kukitafuta. Roza alizaliwa Ukara, kisiwa cha mawe na upepo, kule ng'ambo ya Ukerewe. Tangu harusi yao, iliyofanyika Mwanza, Roza hakuwa amekanyaga kwao. Si kwamba hakupenda. Kwa desturi ya kwao, binti aliyeolewa haendi nyumbani mara ya kwanza peke yake. Akionekana anashuka na begi bila mume, watu husema amefukuzwa, na mama yake hushindwa kuinua uso kisimani. Kwa hiyo alimngoja mumewe ampeleke. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake, ambaye watu walimwita Mama Janet kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa bado hajamtia machoni mjukuu wake Queen, aliyekuwa na umri wa miaka minne.

Jioni ile Luhaga alimwambia mkewe habari ya likizo. Roza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Likizo, Baba Queen? Likizo ni ya watu wa serikali. Wewe bosi wako nani, cherehani?"

"Cheka tu. Tutakwenda Ukara. Wewe utakaa na mama, mimi nitapanda ile tiara, na ukoo wako wote utasimama ufukweni kuniangalia."

Hapo kicheko cha Roza kilipungua, maana alijua maneno yale yalikotoka. Siku ya posa, baba yake mdogo, mzee Zadok, alimtazama Luhaga kuanzia viatu hadi kofia akauliza kama kweli binti yao anakwenda kuolewa na fundi viraka. Watu walicheka. Mama Janet ndiye aliyejibu, kwa sauti, kutoka jikoni: "Viraka ndivyo vinavyotusitiri." Luhaga hakuwahi kuyasahau maneno yote mawili. Alimpenda mama mkwe wake kwa dhati, na alitaka siku atakayosimama mbele yake kwa mara ya kwanza kama mkwe kamili, asimwaibishe.

Basi mipango ikaanza, na hakika Luhaga alijua kupanga. Alipanga watapanda meli mpaka Nansio, kisha lori hadi Bugolora, kisha mtumbwi. Alipanga vitenge vya mama, blanketi la mama, sukari ya mama. Oyoo, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akisafiri kati ya Ukara na Mwaloni, alipokuja na mzigo wake, alikuwa na ujumbe.

"Dada Roza, mama anakusalimu sana. Ametandika kitanda cha pili. Anauliza mnakuja lini."

"Mwambie tunakuja," alidakia Luhaga. "Masika yaishe tu, upepo utulie upande mmoja."

Masika yaliisha, upepo ukatulia upande mmoja. Luhaga alikwenda ufukweni kujifunza, na tiara ikamkokota kifudifudi mpaka kwenye magugumaji. Wachuuzi walimkata maini. "Fundi, unashona maji?" walimuuliza. Alirudi nyumbani ameloa, akatangaza kwamba safari itangoja kidogo, kwani hawezi kwenda kuanguka mbele ya mama mkwe.

"Mama hajasema anataka kukuona unaruka," alisema Roza. "Anataka kumwona Queen."

"Atamwona. Lakini mkwe ana heshima yake, Mama Queen."

Heshima hiyo ilileta jambo jingine. Yule mgeni alikuwa akicheza amevaa kaptura fupi. Mkwe atasimamaje mapaja wazi mbele ya mama wa mke wake? Luhaga akajishonea suruali ndefu ya kitambaa cha turubai. Ilipoloa ikawa nzito, nusura imzamishe. Akashona nyingine ya kitambaa chepesi, ikapasuka magotini. Akashona ya tatu, na hiyo ilimpendeza kweli, ila wakati huo upepo mzuri ulikuwa umepita. Kisha kiwanda kimoja cha minofu kilimpa kazi ya maturubai ambayo isingekataliwa na mtu mwenye akili. Kila sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi tangu niliposikia habari hii. Mtu anayedanganya unaweza kumshika. Mtu mwenye sababu za kweli utamshika wapi?

Oyoo alipokuja tena, hakuanza na salamu. Aliketi juu ya gunia, akavua kofia.

"Dada, mama kidogo amebadilika. Juzi nilipita kwake, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mimi, ambaye nimekula ugali wake tangu sijajua kuogelea! Halafu Janet anasema anaweka chungu motoni bila maji. Lakini wewe anakutaja. Kila siku anakutaja."

Roza alimgeukia mumewe pale pale, mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Twende kesho. Uje na mikono mitupu, uje na suruali yako ya kazi, sijali. Twende tu."

Luhaga aliacha kukanyaga cherehani. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayetaka kusema ndiyo. Kisha akalitazama turubai lililokuwa magotini mwake.

"Wazee ndivyo walivyo, husahau. Hata mama yangu alisahau majina yetu. Nimalizie kazi hii ya watu, tiara nayo ilichanika tena, nimebakiza mshono mmoja. Upepo ukirudi tu, siku hiyo hiyo tunaondoka. Nakuapia."

Roza alijipiga moyo konde. Asubuhi moja alifunga nguo zake na za mtoto katika kanga, akamshika Queen mkono, akaenda bandarini peke yake. Langoni alikutana na wanawake wawili wa Ukara wanaorudi nyumbani. Walimkumbatia, wakambeba mtoto, wakafurahi. Halafu mmoja akatazama nyuma yake, akauliza kwa upole, "Na mumeo?" Roza alisema mume anakuja nyuma. Alisubiri mpaka wanawake wale wakapanda meli, akageuka akarudi Kirumba. Hakumwambia Luhaga. Alipika mchana ule kama kawaida, na machozi yake akayasingizia moshi.

Upepo wa kiangazi uliporudi, Luhaga alitimiza kiapo chake. Alikuwa amejifunza kweli. Sasa alikuwa anakwenda hadi kwenye lile jiwe la majini wanapotua ndege na kurudi bila kuanguka. Vitenge vilikuwepo, blanketi lilikuwepo, suruali ilikuwa imepigwa pasi. Walisafiri kama alivyopanga, na hakuna kilichoharibika njiani. Walipoteremka Ukara, upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani vizuri sana, na Luhaga alimshika mkewe bega akasema, "Unaona? Kungoja kuna faida yake."

Mama Janet alikuwa ameketi uani juu ya mkeka, akichambua maharage. Alikuwa msafi, amefunga kilemba, mikono yake bado myepesi. Roza aliacha mizigo njiani akakimbia, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Wewe ni wa kwa nani?"

Janet alitoka ndani akifuta mikono kwa kanga. Aliinama karibu na sikio la mama yake. "Mama, huyu ndiye Roza. Roza amekuja."

Mama Janet alimtazama mgeni wake kwa makini, kwa wema, jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kumkosea. Akatikisa kichwa. "Hapana. Roza wangu yuko Mwanza. Anakuja na mume wake. Nimewatandikia kitanda, ndiyo maana sitaweza kukulaza pale, dada yangu. Utanisamehe."

Roza alimtajia jina la baba yake. Alimwonyesha kovu la jembe mguuni, alilopata akiwa mdogo kwenye shamba lao wenyewe. Mama alilisikitikia kovu lile, akasema na binti yake analo la namna hiyo. Ndipo Queen alipofika, akijikokota na viatu vyake mkononi. Uso wa bibi ukafunguka. Maharage yalimwagika mkekani.

"Roza! Ulikuwa wapi mpaka jua hili? Njoo hapa."

Alimvuta mtoto kifuani akamkumbatia, akaanza kumpangusa vumbi magotini. Queen alitulia, maana mikono ile ilikuwa ya upole. Baada ya kitambo Roza alinyoosha mikono yake amchukue, kwa kuwa mtoto alikuwa na njaa. Mama Janet alimgeuzia mgongo.

"Mwache. Huyu ni mwanangu. Wewe tafuta wako."

Roza alirudisha mikono yake polepole, akaiweka magotini pake, akalia waziwazi bila kusingizia moshi.

Alasiri mzee Zadok alikuja na vijana wa ukoo. Walikwisha kusikia habari za tiara kutoka kwa Oyoo, nao hawakukubali kuambiwa kesho. Luhaga alikwenda nao ufukweni kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alivaa suruali yake ndefu, akafunga miguu kwenye ubao. Akapita juu ya maji mbele ya mawe yale makubwa, akaenda akarudi, akaenda akarudi, hakuanguka hata mara moja. Ufukwe mzima ulipiga vigelegele. Mzee Zadok alimpokea majini kwa mikono miwili akasema, "Nilikosea, mkwe. Huyu si fundi viraka." Luhaga alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mingi. Alishukuru, akainama kukunja kamba zake ili wasimwone uso.

Aliporudi nyumbani, Mama Janet alikuwa bado uani, Queen amelala mapajani mwake. Luhaga alisimama mbali, kama mkwe anavyopaswa. Lakini mama hakujua kuwa ni mkwe. Alimwita kwa mkono, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Karibu, baba. Usimame jua lote hilo kwa nini? Umetoka wapi?"

"Mwanza, mama."

"Mwanza! Nina mkwe huko. Fundi cherehani, kijana mzuri sana. Unamfahamu?"

Luhaga aliinamisha kichwa, na mama akachukulia kuwa ni ndiyo.

"Basi ukirudi unisalimie. Nasikia anakusanya vitu, ati hawezi kuja hivi hivi. Mwambie mimi sihitaji kitu. Aniletee Roza tu. Mwambie afanye haraka kidogo, baba, maana siku hizi nasahausahau, nisije nikamsahau."

"Nitamwambia, mama," alisema Luhaga.

Roza alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa Queen mkononi. Alimsikia mama yake akimwomba, akamsikia mumewe akiahidi, na uji ukampoa mkononi, kwa sababu hakuthubutu kwenda kumwamsha mtoto wake mwenyewe kutoka mapajani mwa mama yake. Ama kweli, chelewachelewa utamkuta mwana si wako.