Kwa Nini Bibi Harusi wa Igunya Hufuta Baiskeli Kabla ya Kupanda

Wageni wetu, nimewasikia mkiguna. Mmemwona bibi harusi amepiga magoti na gauni lake jeupe, tambara mkononi, anafuta rimu za baiskeli ya mwanamume, mkashika vinywa. Mmoja wenu hata amesema tunamdhalilisha binti wa watu. Hebu kaeni. Mimi ni shangazi yake, naitwa Ngolo, na neno hilo siwezi kuliacha lipite hivi hivi.

Zamani hapa Igunya baiskeli ilikuwa haioshwi. Haioshwi kabisa! Zilikuwa zimeingia tatu tu, na mwenye nayo alikuwa mtu mkubwa. Tope lililoganda kwenye fremu lilikuwa sifa yake. Jekundu limetoka barabara ya mnadani, jeusi limetoka mbugani, na watu walilitazama wakasema, loo, bwana huyu amefika mbali. Kuliosha kulikuwa ni kujivunjia heshima. Na mwanamke asingethubutu kuigusa. Akipandishwa kwenye keria, alikaa upande, akashukuru.

Babu yangu Maduhu alikuwa nayo moja. Mke wake, bibi yangu Minza, aliharibikiwa mimba mara mbili, na ile ya tatu akaenda kujifungulia kwa mama yake, ng'ambo ya mlima wa Ibambasi. Akapata mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Siku arobaini zilipotimia, Maduhu akaenda kuwachukua. Sasa, desturi yetu ilikuwa kwamba kila kinachomleta mtoto wa kwanza nyumbani hupakwa samli. Mama hupakwa, mtoto hupakwa, hata nguo ya kumbebea hupakwa. Maduhu akawaza, safari hii anayemleta mtoto si baiskeli?

Sikilizeni wazimu wa mtu mzima. Alichukua kibuyu cha samli akaipaka baiskeli yote, juu ya tope lile lile la miezi na miezi. Akapaka usukani, akapaka fremu, akapaka spoku, kisha akazipaka rimu zote mbili mpaka zikameremeta. Rimu, jamani! Pale pale raba za breki zinapobana! Wakwe zake wakatoka nje wakapiga vigelegele. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hakuna aliyemkanya, kwa sababu hakuna aliyejua, na hata angejua, nani wa kumkosoa mwenye baiskeli?

Ibambasi ina mteremko mrefu unaoishia mtoni, penye mawe. Walipoanza kushuka, Maduhu akabana breki, baiskeli ikaongeza mwendo. Akabana tena, kwa nguvu zake zote. Raba ziliteleza juu ya samli kana kwamba hazikuwepo. Akashusha miguu ili aburuze, nyayo zikachubuka, baiskeli haikujali. Bibi yangu huku nyuma, mtoto mgongoni, akamsikia mumewe anamwita mama yake. Mtu mwenye ndevu, ameshika usukani, anaita mama!

Ulikuwa msimu wa pamba. Mbele kidogo, kando ya njia, wanawake walikuwa wameanika pamba, lundo limefika kiunoni. Bibi alifungua nguo ya kumbebea, akamzungusha mtoto mbele, na walipolifikia lile lundo akamrusha. Mama yangu wee! Mtoto wa siku arobaini, aliyemlilia miaka sita, akamrusha kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akajiangusha yeye. Habari hii nimeisimulia mara nyingi, lakini nikifika hapa mwili bado hunisisimka.

Mtoto alizama kwenye pamba. Wanawake wakafukua kwa mikono, wakamtoa, akakohoa nyuzi, akalia. Huyo ndiye aliyenizaa mimi, na ndiye babu wa bibi harusi huyu mnayemhurumia. Bibi alivunjika mkono. Maduhu walimtoa mtoni bila meno ya mbele, na baiskeli imepinda kama mundu.

Miezi ikapita, mkono ukapona, baiskeli ikanyooshwa. Siku moja mtoto akashikwa na homa. Maduhu akaitoa baiskeli, akamwambia mkewe apande waende zahanati. Majirani walisimama kutazama, wakijua atakataa. Minza akamkabidhi mtoto kwa jirani, akaingia ndani, akatoka na tambara, majivu na kata ya maji. Akaipindua baiskeli magurudumu juu, mbele ya wanaume, akaanza kusugua. Hee! Watu walishtuka kuliko siku ya ajali. Wazee wakaja juu, mwanamke na baiskeli ya mume wapi na wapi? Maduhu kwa aibu akasema aache, ataifuta yeye.

Minza hakuinua hata macho. "Wewe una usukani, na breki unazo wewe," alisema. "Mimi na mwanangu huku nyuma tumeshika nini? Basi nitashika tambara."

Akasugua mpaka rimu zikawa safi, ndipo akapanda, na mtoto alifika zahanati salama.

Na tangu siku hiyo, hapa Igunya baiskeli hufutwa na anayebebwa. Kila safari, tambara kavu kwenye rimu na raba. Ikipita topeni, huoshwa siku hiyo hiyo kabla tope halijakauka, tena kwa kata na si kwa ndoo, maana wapo waliozidisha wakamwaga maji mpaka grisi ikatoka ndani na magurudumu yakaanza kulia. Mara moja kwa wiki hupinduliwa, mnyororo ukachokonolewa kwa kijiti na kutiwa matone machache ya mafuta. Rimu hazionjeshwi hata tone. Na siku ya harusi, bibi harusi huifuta baiskeli ya kumpeleka kwa mumewe mbele ya watu wote, kisha hupitisha kidole. Kikiwa safi, anapanda. Kikiwa cheusi, hapandi, na hakuna wa kumlazimisha, si baba yake, si mimi.

Haya, tazameni, amemaliza. Anapitisha kidole. Nyamazeni kidogo.

Kimetoka cheusi! Wewe bwana harusi, mbona umesimama? Lete tambara jingine. Chakula cha kwenu kitasubiri.