Mchicha Uliomkosea Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Harubu jina lake, aliyegombana na mchicha. Msicheke bado, ndiyo kwanza naanza. Binti yake Nunuu, mtoto wa miaka saba, alikuwa hali ila nyama na halua. Mboga ya majani hataki hata kuiona. Tumbo likamvimba, siku ya nne hajaenda chooni, jumba zima linamwombea dua. Tabibu akasema dawa ni mchicha. Ukaletwa bakuli zima. Nunuu akalinyanyua lile bakuli, akalivurumisha, likamwagikia ndevu za baba yake.

Sultani akaamuru aletwe aliyeuza mboga ile. Akaja Bi Mize, mjane asiye na kitu ila kibustani cha mboga na ulimi mkali.

"Mchicha wako hauna adabu!" Sultani akafoka.

"Maulana, uliondoka kwangu na adabu zake zote. Labda umejifunzia huku."

Wazee wa baraza wakakohoa ili wasicheke.

"Nakupa siku tatu," akasema Sultani. "Binti yangu ale mchicha kwa hiari yake. Usimpige, usimbembeleze, usimdanganye. Akikataa, bustani yako naifanya banda la farasi wangu."

Moyo ulimlipuka Bi Mize. Bustani ile aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Lakini hakuonyesha.

"Basi mtoto aje kwangu awe mgeni wangu."

"Na mimi nakuja! Nikuone kwa macho yangu. Tena unipokee vizuri. Si wasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Karibu sana, Maulana. Uje mgeni kama wageni wengine?"

"Kama wageni wengine!"

Wakaenda. Siku ya kwanza Bi Mize akachinja kuku. Baba na binti wakammaliza, mchicha wakausukuma pembeni, wote wawili. Siku ya pili akachinja jogoo, na huyo ndiye wa mwisho. Mambo yakawa yale yale. Sultani kajinyoosha kwenye kitanda cha kamba, anachokoa meno, anapima kwa macho bustani itatosha farasi wangapi. Bi Mize roho inamuungua, lakini usoni anatabasamu, na kahawa anamimina.

Siku ya tatu asubuhi akampa Nunuu jembe dogo. Mtoto wa jumba yule, hata udongo alikuwa hajapata kuugusa! Akalima huku anacheka. Akachota maji, nusu akamwagilia mboga, nusu akajimwagia mwenyewe. Akang'oa magugu, na miche miwili mitatu kwa bahati mbaya. Akachuma mchicha, akaupeleka jikoni. Jua likapanda, njaa ikamshika, na tui la nazi likaanza kunukia.

"Bibi, kuna kuku?"

"Wameisha, mjukuu wangu. Wageni wamewamaliza."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna ule uliouchuma."

"Ule wangu?"

"Wako mwenyewe."

"Basi nipe! Nipe, bibi!"

Akala bakuli. Akaomba la pili. La tatu akalikwangua kwa kidole. Kisha akauliza choo kiko wapi, akaondoka mbio.

Sultani akaruka kitandani. "Umemlimisha binti yangu!"

"Mgeni siku mbili, Maulana, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyolelewa."

"Umemlazimisha!"

"Nimempa jembe tu. Bakuli kalidai mwenyewe, tena kwa kelele, mtaa mzima umesikia."

"Si wewe uliyemlisha! Ni njaa!"

"Hiyo njaa kaipata kwangu, Maulana. Huko kwako haijawahi kubisha hodi."

Sultani akageuka huku na huku akitafuta pa kutokea. Kushindwa na muuza mboga, tena mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani! Akapiga mguu chini.

"Mtoto si kitu! Nilishe mimi! Tangu nizaliwe sijaonja jani. Nikila kwa hiari yangu, bustani ni yako milele. Nisipokula, farasi wanaingia leo hii."

Majirani wakashika vichwa. Bi Mize akafuta mikono kwenye kanga, taratibu.

"Maulana, kwangu umekuja kama nani?"

"Mgeni!"

"Kama wageni wengine?"

"Kama wageni wengine!"

"Na leo ni siku yako ya ngapi?"

Sultani akahesabu kwa vidole. Cha tatu akakificha mgongoni.

Nunuu ndiyo kwanza anarudi kutoka chooni, mwepesi, anarukaruka.

"Mjukuu wangu," Bi Mize akamwita, "mletee baba jembe. Lile kubwa."